Seli Mseto na Kipimo cha Kichaa cha Mbwa Serengeti

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya kipimo kipya cha kichaa cha mbwa kwa sampuli za ubongo kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kipimo hicho hutumia hadubini ya kawaida na hutoa jibu ndani ya saa moja hivi: virusi huonekana kama vitone vyekundu juu ya tishu ya buluu. Kwa sampuli zilizohifadhiwa katika gliserini bila kugandishwa, kililingana kikamilifu na kipimo rejea, kinachodai hadubini ya fluoresensi. Kwa ofisa mifugo wa Mugumu au Tarime, mbali na maabara kubwa, hilo si jambo dogo.

Kinachomtambua kirusi humo ni kingamwili za monokloni, zao la seli mbili zilizounganishwa. Mara nyingi seli hiyo mseto, haibridoma, hufundishwa kama kiwanda cha kingamwili, basi. Naona tunawapunja wanafunzi.

Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za wengu wa panya aliyechanjwa na seli za mayeloma, Cambridge, 1975. Seli B ya wengu hufa yenyewe baada ya siku chache chupani. Mayeloma iliyochaguliwa kwa kukosa kimeng'enya cha HGPRT huuawa na aminopterini. Zilizoungana ndizo husalia. Lakini kwa nini ziendelee kutoa kingamwili? Swali hili ndilo hurukwa. Iunganishe mayeloma na fibroblasti, na jeni za kingamwili hunyamaza ingawa bado zimo kiinini. Mayeloma ni seli ya plazma iliyogeuka saratani, ya ukoo mmoja na seli B. Fibroblasti huja na amri za ukoo mwingine.

Hata ndani ya ukoo huo amri hugongana. Seli B ikiungana na seli ya plazma, huzimika jeni za MHC daraja la pili, zinazoiwezesha kuionyesha seli T vipande vya kijidudu. Mwaka 1994 ilibainika kwamba kinachonyamazishwa ni jeni ya msimamizi wao, CIITA; mwaka 2000 mzimaji akatajwa: protini Blimp-1. Kumbe seli B inapokomaa kuwa seli ya plazma haipotezi tu kiwashio, bali hupata kizuizi kinachofanya kazi. Ushahidi wa namna hiyo usingepatikana kwa kuitazama kila seli peke yake.

Maabara ya kipimo nayo inahusika. Seli mseto hudondosha kromosomu. Ikipoteza ile yenye jeni ya kingamwili, huacha kuzalisha, na zisizozalisha, zikikua upesi, huiteka chupa nzima. Ndiyo maana haibridoma hutengwa upya, seli moja moja, na kupimwa tena.

Wahadhiri wenzangu wa tiba ya mifugo, tuanzeni somo hili na fibroblasti, ndipo tufike kwenye kiwanda.