Pete ya Chuma

Babu yangu alikuwa tanboi wa trekta kwenye shamba la mzungu karibu na Nanyuki. Alipoacha kazi alirudi Mathira na vitu viwili: kipande, ile hati ya kazi ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuivaa shingoni ndani ya kikebe, na pete ya chuma iliyong'olewa kwenye trekta iliyokufa. Kipande sikuwahi kukiona. Pete ninayo.

Pete hiyo inaitwa karing'aring'a. Unaishika kwa mkono mmoja na kuigonga kwa msumari, huku mwenzako akivuta kodiani. Ukiiachia inalia kama kengele. Ukiibana kwa vidole inakohoa. Kati ya kulia na kukohoa ndimo mlimo na mwomboko wote, dansi ya kodiani ya Wakikuyu: hatua mbili, unainama, hatua mbili tena.

Siku hizi pete hiyo inaning'inia kwenye ngoma za bendi yetu. Mimi ni karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa cha ushirika, na usiku napiga besi. Mpiga gitaa wetu anafundisha kemia shule ya upili, na mpiga ngoma anauza viatu vya mitumba Karatina. Tunapiga punk, muziki wa haraka na wa kelele, kwenye stoo iliyo nyuma ya kinu cha posho, mwenye kinu akishafunga. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, kahawa inapoiva kwa wingi, natoka kiwandani saa tatu usiku vidole vimepasuka kwa maji ya maganda, na nyuzi za besi zinaingia kwenye mipasuko ile ile.

Watu wananiuliza nitaacha lini kazi niwe mwanamuziki kamili. Mwajiri wangu wa kwanza aliniuliza kinyume chake, akanipa wiki moja nichague. Wote wanadhani mtu wa kazi mbili ni mtu ambaye bado hajaamua. Historia ya hapa kwetu inasema vingine.

Mwomboko ulishika kasi miaka ya 1940. Vijana walikuwa wameziona dansi za wazungu mashambani na jeshini, wakachukua hatua zao na kodiani yao, wakavigeuza kuwa vyao. Waliopiga walikuwa madereva, wapishi, vibarua na askari waliorudi kutoka vitani. Mkono uliosukuma toroli Ijumaa ndio uliovuta kodiani Jumamosi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kulikuwa pia na faida ambayo babu aliieleza kwa maneno machache: mzungu alilipia mikono yake, hakulipia mdomo wake. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Miaka ya 1929 na 1930, misheni zilipopinga ukeketaji, walimu wao walitakiwa kuweka sahihi au kidole gumba kukubaliana nazo, na waliokataa walipoteza kazi. Vijana walijibu kwa wimbo na ngoma ya Muthirigu, hadi serikali ikaipiga marufuku mwaka 1930. Sitetei mila waliyoitetea, iliwaumiza wasichana. Lakini naona wazi kwamba mwalimu alibanwa kwa sababu mshahara wake ulitoka kwa mtu yule yule aliyetaka kauli yake.

Mwandishi Gakaara wa Wanjau alilielewa jambo hili mapema. Alikuwa mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri, akaingia jeshini mwaka 1940, na kufikia 1946 alikuwa ameanza kuchapisha vitabu vyake mwenyewe kwa Kikuyu. Mwaka 1952 alichapisha nyimbo za kudai ardhi na uhuru. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba mwaka huo alikamatwa, akakaa kizuizini miaka mingi. Alipoachiliwa hakwenda kumtafuta mchapishaji wa kumbembeleza. Alijenga kiwanda chake cha uchapaji Karatina, na kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini kikashinda Tuzo ya Noma mwaka 1984. Wakati vijana wa punk wa London, katikati ya miaka ya 1970, walipoanza kusema jirekodi mwenyewe, jichapishie mwenyewe, Karatina ilikuwa imeshazoea.

Mwimbaji Joseph Kamaru wa Kangema alifika Nairobi mwaka 1957, kijana wa miaka 18, akaanza na kazi za nyumbani na usafi. Katikati ya miaka ya 1960 akarekodi na dadake, Catherine Muthoni, na baadaye akawa na duka lake la santuri, City Sounds. J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alipouawa Machi 1975, Kamaru alimwimbia wakati wengi waliogopa hata kulitaja jina lake. Mtu anayeuza santuri zake mwenyewe, kwenye kaunta yake mwenyewe, hafungwi mdomo kwa kunyimwa redio peke yake.

Mkondo huo haujakauka. Samidoh alipata umaarufu katika mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu, akiwa bado afisa wa polisi. Nairobi, Crystal Axis wameimba punk kuhusu vyumba vya mateso vya Nyayo House. Martin Kanja, yaani Lord Spikeheart, alitoa albamu yake The Adept mwaka 2024 kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mkongwe wa ukoo wake na mpigania uhuru wa msituni aliyefariki Septemba 2023. Nilipoisikia mara ya kwanza, ukali wake haukunishangaza. Huku kwetu ukali una miaka mingi.

Kwa hiyo sitaacha mizani. Kiwanda kinalipa kodi ya nyumba na nyuzi za besi, na kwa sababu hiyo hakuna mwenye baa wala mgombea kiti anayeweza kutuambia tuimbe nini. Bei yake ni usingizi, nami nailipa.

Jumapili moja tukiwa mazoezini, mzee mmoja alisimama kwenye mlango wa stoo. Tulidhani amekuja kulalamika.

"Hiyo pete ni ya nani?"

"Ya babu yangu, guka."

"Ilete."

Aliibana kwa vidole, akaanza kugonga: hatua mbili, kuinama, hatua mbili. Mpiga ngoma wetu alimsikiliza kidogo, kisha akaingia taratibu chini yake, nami nikafuata. Tulipiga hivyo mpaka giza likaingia.

Jumatatu asubuhi mzee alikuwa wa tatu kwenye foleni. Nilimpimia kahawa yake, kilo 41, nikaandika.