Tiba ya Mtukutiko kwa Umeme

Miongoni mwa istilahi za utabibu zilizoingia katika lugha yetu pasipo kupimwa vema ni "tiba ya mshtuko wa umeme", jina yapewalo matibabu ya wagonjwa ambao sonona yao imekaidi dawa. Mshtuko ni hali ya mtu aliyefikwa ghafula na jambo la kumtisha, kama apokeaye habari ya msiba au agusaye waya ulio wazi. Kwa hiyo jamaa za mgonjwa, wasikiapo jina hilo, hudhani kwamba mpenzi wao atatishwa au ataadhibiwa mpaka akili zimrudie, na dhana hiyo ni batili.

Asili ya tiba yenyewe yatosha kuibatilisha. Mwaka 1934, mjini Budapest, tabibu Ladislas Meduna aliwadunga wagonjwa wa skizofrenia kafuri, yaani karafuumaiti, ili watukutike kama wenye kifafa, kwa kuwa aliamini kwamba maradhi hayo mawili hayakai pamoja katika mwili mmoja. Rai yake haikusimama, lakini baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Mwaka 1938, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walitumia umeme mahali pa dawa, na kusudi lao lilikuwa lile lile la kuleta mtukutiko. Umeme, basi, ni chombo. Kinachotafutwa ni mtukutiko wa ubongo.

Leo jambo hilo huonekana kwa macho chumbani mwa matibabu. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, lakini kabla ya dawa hiyo kuingia, kifundo cha mguu mmoja hukazwa kwa mkanda wa kupimia presha ili dawa isifike wayoni. Kisha umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache, na wakati mwili wote umetulia, unyayo ule mmoja hutetema kwa muda upatao nusu dakika au zaidi, ukiwa shahidi wa yanayopita ubongoni.

Kifafa hakifai kuwa jina la tiba, kwa kuwa ni maradhi yanayorudi yenyewe. Degedege nalo limeshikamana na homa za watoto na itikadi zake. Neno mtukutiko halina mzigo huo. Wala umeme usiachwe katika jina, maana mtukutiko ni sharti lakini si sharti pekee: katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1993, waliopitishiwa umeme mdogo upande mmoja wa kichwa walitukutika, ilhali asilimia 17 tu ndio walioitikia tiba, na waliopitishiwa umeme mdogo pande zote mbili waliitikia kwa asilimia 65.

Manufaa yake hayana budi kukiriwa. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2003 yalidhihirisha kwamba tiba hii huishinda ile ya kuigiza, ambamo mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi bila ya umeme, na kwamba huzishinda dawa pia. Lakini nafuu hiyo si amana ya milele: katika uchunguzi wa mwaka 2001, waliopona kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa walirudiwa na maradhi kwa asilimia 84 ndani ya miezi 6, na waliopewa nortriptilini pamoja na lithiamu kwa asilimia 39. Na iko gharama ya kumbukumbu, ambayo wagonjwa wenyewe huilalamikia kuliko matabibu waiandikavyo. Walipoulizwa, thuluthi moja kwa uchache walisema kwamba mambo waliyoyasahau hayakuwarudia.

Hapo ndipo istilahi inapokutana na insafu. Mwaka 1954, katika hospitali ya Friern mjini London, mgonjwa aitwaye Bwana Bolam alipewa tiba hii bila ya dawa ya kulegeza misuli na bila ya kuonywa juu ya hatari, akavunjika nyonga zote mbili. Alipodai haki yake, mahakama, mwaka 1957, ikaipa hospitali ushindi kwa kuwa matabibu wenye kuaminika walitenda vivyo hivyo. Hukumu hiyo ilitawala hata mambo ya ridhaa mpaka mwaka 2015, mahakama ya juu ya Uingereza ilipoamua kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa kila hatari iliyo kubwa machoni pake.

Ridhaa haisihi pasipo kufahamu, na ufahamu wa mgonjwa huanzia katika jina aambiwalo. Aliyetishwa kwa neno mshtuko huweza kuikataa tiba ambayo ingemwokoa na kifo cha kujiua. Na aliyefichwa hasara ya kumbukumbu huikubali kwa kudanganywa. Kwa hiyo naona ni wajibu tuseme "tiba ya mtukutiko kwa umeme", na kabla ya sahihi kutiwa, tabibu amweleze mgonjwa mambo manne kwa lugha yake: atakalotendewa, nafuu atarajiayo, atakachoweza kusahau, na kwamba yu huru kukataa.