Modemu Isiyo na Ubongo

Vijana wenzangu, wapo wanaodhani historia ni ya wafalme na vita tu. Hata kifaa kidogo kina historia yake, na hii ya modemu ina ujanja ambao sisi tunaotamani kuandika yafaa tuujue.

Modemu ni mkalimani. Kompyuta husema kwa namba, laini ya simu hubeba sauti. Modemu hugeuza namba kuwa sauti, na upande wa pili sauti hurudi kuwa namba. Hayes Smartmodem ya mwaka 1981 ilikuwa na ubongo wake mwenyewe. Ukiipa amri zake, zinazoanza na herufi AT, inatii. Haijali kompyuta yako ni ya aina gani.

Miaka ya 1990 wafanyabiashara wakapiga hesabu. Kwa kuwa prosesa za kompyuta zina nguvu, ya nini kuijazia modemu chipu nyingine? Wakazipunguza, kazi wakaitwika prosesa kwa njia ya draiva, yaani programu inayojua kukiendesha kifaa. Bei ikashuka. Lakini draiva hizo ziliandikwa kwa ajili ya Windows, ndiyo maana modemu zenyewe zikaitwa winmodem.

Kasheshe ikawafika watumiaji wa Linux, mfumo huria alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mtu ana modemu ndani ya kompyuta yake, anajaribu kupiga simu: kimya! Mwili upo, roho imebaki Windows. Kuandika draiva mpya kulihitaji maelezo ya chipu, na watengenezaji wengi waliyafungia kabatini. Rahisi ghali, bwana.

Wapenzi wa Linux hawakukaa kitako. Walijikusanya kwa jina la Linmodems, wakisaidiana kutambua chipu moja moja. IBM ilitoa msimbo wa draiva ya Mwave, modemu ya ThinkPad 600, ukaingia ndani ya Linux yenyewe. Lucent nayo ilitoa draiva, ila sehemu yake ilifungwa: waitumia, huisomi. Kwa chipu za Conexant ilikuja kampuni ya Linuxant. Ya bure ilikwenda kilobiti 14.4 kwa sekunde. Ukitaka 56, toa pesa.

Sasa sikia ujanja. Kiini cha Linux huiuliza kila draiva leseni yake. Ikitaja leseni huria kama GPL, hewala. Ikitaja ya kufungwa, onyo huandikwa. Mwaka 2004 ikagundulika kwamba draiva za Linuxant zilijibu "GPL", kisha alama ya sifuri, kisha maneno kuwa leseni hiyo ni ya baadhi tu ya mafaili. Katika lugha ya C, alama hiyo ni kama nukta ya mwisho. Kiini kikasoma "GPL", kikaishia hapo, kikaridhika. Kampuni ilijitetea kwamba ilitaka kuwapunguzia wateja maonyo ya kuwachanganya. Watunzaji wa Linux hawakufurahi hata kidogo.

Ewe mwandishi mwenzangu, itazame nukta ile. Kila neno lilikuwa kweli, ila sentensi ilikatwa mahali pa kumpotosha msomaji. Hata magazeti hufanya hivyo.

Leo wachache wanapiga simu kuingia intaneti, lakini swali lingalipo: kifaa ulichokilipia, ukinyimwa kujua kinavyofanya kazi, ni chako kweli? Wahenga walishanena, mficha uchi hazai.