Rangi ya maabara iliyoanza kama dawa ya nagana

Wadau mliosoma baiolojia chuoni mtaikumbuka DAPI, ile inayofanya kiini cha seli king'ae bluu kwenye hadubini. Mtaikumbuka pia ethidiamu bromaidi, inayoonyesha DNA kwa mistari ya rangi ya chungwa kwenye jeli ukiwasha taa ya altravioleti. Mhadhiri anasema vaa glovu, unavaa, mtihani unapita, basi. Asichosema ni kwamba zote mbili zilitokana na msako wa dawa ya vimelea vinavyoenezwa na mbung'o.

Msako wenyewe ulianzia Ujerumani. Paul Ehrlich alikuwa amegundua kuwa rangi za viwandani hung'ang'ania baadhi ya vijidudu na kuacha vitu vingine. Akajiuliza: rangi inayoshika haiwezi kuua? Mwaka 1904 yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga walitangaza rangi nyekundu iliyotibu panya wenye tripanosoma. Miaka hiyo hiyo, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, malale yalikuwa yakiua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000. Robert Koch alikwenda visiwa vya Ssese mwaka 1906 na dawa yenye aseniki; baadhi ya wagonjwa wake wakapofuka.

Kwa mifugo, ugonjwa huu ndio nagana. Mwaka 1952 Watkins na Woolfe, Waingereza, waliirekebisha dawa ya dimidiamu, iliyokuwa ikiwadhuru ng'ombe, wakapata ethidiamu. Wafugaji wanaijua kwa jina la homidiamu. Molekuli yake ni bapa, hujipenyeza kati ya vidato vya ngazi ya DNA. Tripanosoma ana DNA ya ziada nje ya kiini, maelfu ya pete zilizoshikana kama mnyororo, na dawa hii huivuruga isiweze kujinakili.

Miaka ya 1960 Wafaransa LePecq na Paoletti walionyesha kuwa ikishajipenyeza humo hung'aa takriban mara 20 zaidi. Hapo dawa ya ng'ombe ikawa kipimo.

DAPI ilitengenezwa mwaka 1971 katika maabara ya Otto Dann, Erlangen. Ni ndugu wa diminazini, ile Berenil ya wafugaji. Kama dawa haikufika sokoni, lakini mwaka 1975 Williamson na Fennell waliitumia kuona DNA ya mitokondria ya hamira, na tangu hapo haijatoka maabara.

Sasa pigeni hesabu. Jeli ya mililita 50 huwa na kama miligramu 0.025 za ethidiamu. Ng'ombe huchomwa miligramu 1 kwa kila kilo, yaani mwenye kilo 400 anapata miligramu 400! Sisemi mvue glovu: majaribio ya bakteria yalionyesha kwamba ikichanganywa na vimeng'enya vya ini huleta mabadiliko ya vinasaba. Nauliza tu ni nani aliyempa glovu anayechoma sindano zizini.

Maabara zimeshapata rangi mpya, SYBR Green na GelRed, zilizobuniwa ili watafiti waachane na ethidiamu. Mfugaji bado ana homidiamu, diminazini na isometamidiamu, zote zenye zaidi ya miaka 60, na tripanosoma sugu wameshapatikana Kenya, Uganda na Tanzania.