Kasmogamia

Kasmogamia ni hali ya ua kufunguka linapokomaa, petali zikatanuka na kuacha stameni na stigma wazi kwa nyuki, vipepeo au upepo. Istilahi hii ya botania imeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: khasma, yaani mwanya au ufa, na gamos, yaani ndoa. Lugha ya ndoa ilikuwa imeshazoeleka katika fani hiyo, kwani Carl Linnaeus wa Sweden aliandika juu ya harusi za mimea karibu mwaka 1730.

Asili yenyewe ya istilahi imo katika kinyume chake. Maua yaliyofunguka yalikuwa maua tu, na hayakuhitaji jina la pekee, mpaka wataalamu walipoyachunguza kwa makini yale yasiyofunguka kamwe, ambayo hujichavusha ndani ya tumba na kuzaa mbegu. Mwaka 1867 Mjerumani Max Kuhn aliyaita hayo ya kleistogamia, kutoka kleistos, yaani lililofungwa. Hapo ndipo yale ya wazi nayo yalipohitaji jina lao.

Gharama ya kufunguka ni kubwa. Katika kitabu chake cha 1877, Charles Darwin alikadiria chembe 100 tu za chavua katika ua lililofungwa la Viola nana, huku akitaja hesabu ya chembe 3,654,000 katika ua moja la wazi la peoni. Ongeza rangi, harufu na mbochi wa kuwavuta wadudu. Faida yake ni mchanganyiko wa urithi kutoka mimea miwili.

Hata hivyo, ua kuwa wazi si hakikisho la mchanganyiko huo. Kunde hufungua maua yake asubuhi, lakini kwa kawaida chavua huwa imekwisha kuangukia stigma ya ua lilelile.

Mimea mingine ina maua ya namna zote mbili. Commelina benghalensis, gugu ambalo Wakikuyu huliita mukengeria, huchanua maua ya buluu juu ya ardhi, yanayodumu saa chache tu. Chini ya udongo huwa na maua meupe yaliyofungwa, ambayo mbegu zake kwa kawaida ni kubwa kuliko za juu. Mkulima anayekata majani na kuacha vikonyo vya chini ameziacha mbegu hizo shambani.