Nani Aliwaonyesha Ndege wa Ugogo?

Mwaka 1881 Mwingereza George Ernest Shelley, mtoto wa mdogo wake mshairi Percy Shelley, alimpa jina la kisayansi kwezi mmoja wa kijivu mwenye mkia mrefu, ambaye ngozi yake ilifika Ulaya kutoka Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma. Kwezi huyo ni wa nyanda kavu za ndani ya Tanzania, na nje ya nchi yetu ni nadra mno kumwona. Vitabu vya ndege vimehifadhi jina la Shelley, mwaka, na neno Ugogo. Havisemi ni nani aliyejua kundi la kwezi hao hutua mbuyu upi jioni, wala ni nani aliyeongoza njia hadi hapo. Kutokana na ukimya huo watu wengi wamekuja kuamini kwamba kazi ya kuwaongoza wageni wachache wachache porini kuwaonyesha ndege ni biashara iliyotoka nje, ikaanza na kampuni kama Ornitholidays ya Uingereza mwaka 1965 na ya Victor Emanuel kule Marekani mwaka 1976. Kampuni hizo zilileta tangazo, tiketi na ratiba. Ujuzi wenyewe, katika uwanda wa kati, ulikuwapo zamani, na ulilelewa na kazi tatu ambazo wanahistoria wa utalii hawazitaji kabisa: kuongoza misafara, kurina asali na kuamia ndege shambani.

Ugogo ulijulikana kama njia kabla haujawa mahali pa kutembelewa. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ulipita Mpwapwa, ukavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, ndipo ukaingia katika himaya za watemi wa Kigogo waliodai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kila kisima. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857 wakalalamika sana juu ya hongo hiyo, lakini hongo ilikuwa na maana: mwenye maji ndiye mwenye njia. Mbele ya msafara alitembea kirangozi. Kazi yake haikuwa kushika bendera tu. Alipaswa kujua kituo kijacho kina maji au kimekauka, na katika nchi ya mvua moja kwa mwaka jambo hilo hubadilika kila msimu. Hapo ndege ni ushahidi. Firigogo hula mbegu kavu mchana kutwa, hivyo hana budi kwenda kunywa kila siku kwa saa zake maalumu, na dume hulowanisha manyoya ya tumbo akawapelekea makinda maji. Anayejua saa ya firigogo na upande wanakoelekea amejua maji yaliko. Sidi Mubarak Bombay, aliyevuka Ugogo na wapelelezi Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron, ni mmoja wa wachache katika kazi ya kuongoza misafara ambao majina yao yaliandikwa, na mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa pensheni. Kwa kila Bombay mmoja kulikuwa na mamia ya Wanyamwezi na Wagogo waliofanya kazi ileile na ambao hatuna hata majina yao.

Kazi ya pili, kurina asali, ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote, maana imepimwa. Mlembe ni ndege mdogo mwenye rangi ya udongo anayekula nta, naye humwita binadamu kwa mlio wa haraka, huruka mti hadi mti, na kumfikisha kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Mmisionari Mreno João dos Santos alimwandika Sofala mwaka 1588, baada ya kuwaona ndege hao wakidonoa mishumaa ya kanisani. Mwaka 1989 Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walionyesha kwamba Waborana wanaomfuata mlembe hupata mzinga kwa wastani wa saa 3.2, na wasiomfuata kwa saa 8.9. Mwaka 2023 watafiti Brian Wood na Claire Spottiswoode walipiga hatua zaidi. Wahadzabe wa bonde la Eyasi, kaskazini mwa uwanda huu, humwita mlembe kwa mluzi, ilhali Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wa koo. Walembe wa Eyasi waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko wito wa Kiyao. Maana yake ni nzito. Uhusiano huu umejengwa mahali pake, na watu wa pale, kwa vizazi. Msomi aliyehitimu popote duniani akija na wito wa nchi nyingine, ndege hatamjali sana. Wasandawe wa Kondoa na Chemba, ambao asali imekuwa chakula chao tangu walipoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, hawakungoja utafiti huo ili wajue kwamba anayetaka kuongozwa na ndege sharti ajifunze kwanza lugha ya mahali.

Atatokea mtu aseme: hao walimjua ndege kwa ajili ya tumbo, au walimchukia kama adui wa nafaka, kumtazama kwa furaha ni jambo jingine. Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Lakini tuitazame kazi ya tatu kwa karibu. Tangu punje za uwele zinapokuwa na maziwa hadi siku ya kuvuna, mtoto au mama wa Kigogo alikaa juu ya dungu, kombeo mkononi, kuanzia mapambazuko. Kwelea-kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku, nao huja kwa maelfu, pengine mamilioni. Mwamiaji anayelishtukia kila kundi linalopita atachoka kabla jua halijapanda. Ilimlazimu kutambua kwa mbali, kwa namna ya kuruka tu, kundi linalopita na kundi linaloshuka. Ajue kumtofautisha kwelea na mnana. Ajue wanatoka matete gani ya kinamasi cha Bahi na watarudi saa ngapi. Huko ni kutazama ndege kwa makini kuliko mtalii yeyote, na kosa lake lililipwa kwa njaa. Isitoshe, kama nia ndiyo kipimo, wageni nao hawakuja kufurahia tu. Emin Pasha, mkusanyaji wa ndege, alipopita Mpwapwa mwaka 1890 akiongoza msafara wa Wajerumani, alikusanya ndege kama alivyozoea kote alikopita: kwa bunduki na kisu cha kuchunia. Darubini na nia ya kumwacha ndege hai zilikuja baadaye kwa pande zote mbili.

Pingamizi la pili ni kwamba mpangilio ulitoka nje: bila mtaalamu wa ndege Reichenow wa Berlin, aliyeandika mwaka 1887 juu ya kasuku mdogo mwenye ukosi wa njano tunayemwona Dodoma leo, tungekuwa na "kasuku" tu. Ni kweli, na anayekataa hilo anadanganya. Ila kupanga na kupata ni stadi mbili, na hata wapangaji walikosea. Hondohondo wa Ruaha, mwenye ngozi nyeusi kuzunguka jicho, alipita mbele ya wataalamu kwa zaidi ya karne moja akihesabiwa kuwa sawa na hondohondo wengine wenye mdomo mwekundu, hadi watafiti Kemp na Delport walipomtenga mwaka 2002. Na pale aliyempata ndege alipotajwa, kama Jali Makawa wa Malawi, ambaye kijindege alichokipata Zambia mwaka 1964 kiliitwa kwa jina lake, tunaona kwamba sifa ingeweza kugawanywa tangu mwanzo. Haikugawanywa kwa sababu mtumishi hakuhesabiwa kuwa mjuzi.

Basi kwa nini Dodoma haina jina kama Arusha katika utalii wa ndege? Jibu liko katika historia ileile ya kuwa njia. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910 na kumaliza misafara. Hifadhi zikapewa hadhi kwingine, Serengeti mwaka 1951, Ruaha mwaka 1964. Na uwanda ukabaki katikati, wa kupitwa kwa gari. Barabara ya Babati hadi Dodoma ilipokamilika kwa lami mwaka 2018, kuupita kukawa rahisi zaidi. Kikundi cha wageni kinachotoka Tarangire kwenda Ruaha hupitia Kondoa, jirani na michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na dereva aliyetoka Arusha husimama kidogo ili kasuku na kwezi watiwe alama kwenye orodha. Sheria ya Utalii ya 2008 imewawekea Watanzania kazi ya kuongoza watalii, nami naiona sheria nzuri. Haikusema Watanzania wa wapi. Bahi, Hombolo na maziwa ya Singida yana watu wanaojua ni mwezi gani maji hurudi na ndege gani hutangulia, na hao hawamo ndani ya gari.

Jambo hili lina haraka yake. Ndege za kunyunyizia sumu na shule, ambayo hakuna mzazi mwema atakayeipinga, vimewashusha watoto kutoka kwenye dungu. Mizinga ya kisasa inapunguza haja ya kumfuata mlembe, na Herbert Friedmann, aliyeandika juu ya ndege hao mwaka 1955, alikwisha kuona kwamba pale watu wanapoacha kuwafuata, nao huacha kuongoza. Kati ya kazi tatu zilizowafundisha watu wa uwanda huu kuwajua ndege, moja ilikufa na reli na mbili zinanyauka. Iliyobaki yenye ujira ni ya kuwaongoza wageni, na mzee wa Bahi anaweza kuajiriwa leo hii kuketi kiti cha mbele kando ya dereva, alipwe kama mjuzi, na jina lake liandikwe juu ya orodha ya ndege walioonekana.