Jinsi ya kumzoesha kijana lishe bora

SIGALAGALA, kituo cha kibiashara kilicho kando ya barabara kuu ya Kisumu kuelekea Kakamega, kinafahamika sana kwa chuo chake cha kitaifa cha ufundi. Katika vituo vya aina hii, kijana hupata chipsi, mandazi na soda hatua chache tu kutoka kwa mafungu ya mrenda, saga, managu na kunde.

Anachochagua kina uzito. Kati ya miaka 10 na 19, mwili hukua kwa kasi na kuhitaji madini ya chuma kwa wingi. Msichana aliyeanza kupata hedhi huyapoteza kila mwezi, na asipoyarejesha kupitia chakula huweza kupungukiwa na damu, akachoka upesi na kushindwa kumakinika masomoni.

Si lazima mzazi agharimike. Mboga za kienyeji zina madini hayo, ila mwili huyafyonza vyema zaidi zinapoliwa pamoja na vyakula vyenye vitamini C kama vile mapera na machungwa. Chai inayonywewa wakati wa mlo huzuia ufyonzaji huo, hivyo ni heri inywewe baadaye. Omena na maharagwe huleta protini, nao uji wa wimbi huongeza kalsiamu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku kwa aliyetimiza miaka 10 na zaidi.

Hata hivyo, amri na vitisho havijengi mazoea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mzazi anayejinunulia soda kila jioni hawezi kumkataza mwanawe. Ni vyema vijana, wavulana kwa wasichana, washirikishwe kununua, kuchambua na kupika mboga. Wanaolalamikia uchungu wa managu au saga wanaweza kutiliwa maziwa, jinsi ambavyo wapishi wengi wa Magharibi mwa Kenya hufanya.

Kijana pia asiondoke nyumbani bila kiamsha kinywa, kwani njaa ndiyo humsukuma kwenye vibanda vya vitafunio.

Aidha, wazazi wajiepushe na kumkejeli kwa unene au wembamba wake, kwa sababu huenda akaanza kujinyima chakula kisiri.

Akiwa na kizunguzungu au uchovu usioisha, apelekwe kituo cha afya apimwe damu kabla ya kupewa dawa zozote.